Unga Ndani ya Kibuyu cha Baruti

Hollis Vanzant alikuwa na maringo, na hatukumlaumu, maana maringo yake yalikuwa na sababu, na sababu ilikuwa na mlio. Alipofyatua bastola yake katika uwanja wa shabaha wa Kijito cha Sorrel, mbwa walijipenyeza chini ya pikapu na watoto walishaziba masikio kabla hajavuta nyundo. Moshi mweupe ulifunika meza, bega la jirani yake na kikombe cha kahawa cha jirani huyo. Ulipopungua ulimkuta Hollis amesimama kidevu juu, akisubiri kusifiwa, na kwa kawaida alisifiwa.

Alikuwa mpasua mbao. Tangu ujanani hadi nywele zilipomwishia alisimama mbele ya msumeno wa kiwanda, akipasua mialoni ya milima hii ya Ozark kuwa mataruma ya reli, na msumeno ule ulimpunguzia ncha ya kidole na nusu ya usikivu wa masikio. Bastola aliiunda mwenyewe. Iliuzwa ikiwa vipande ndani ya sanduku, chuma kikiwa na mikwaruzo na mti wa mshikio haujaguswa na msasa. Majira ya baridi moja, theluji ikiwa imefunga barabara, aliisugua juu ya meza ya jikoni hadi mkewe Opal akamwambia angeoa bastola tangu mwanzo, wote wawili wangepumzika. Ni ya mtindo wa kale, isiyojua ganda la risasi. Silinda yake ina vyumba sita, na kila chumba unakishindilia kwa mkono wako: baruti nyeusi kwanza, gololi ya risasi juu yake, mafuta mazito mdomoni, na mwisho kabisa, ukiwa umeshasimama mstarini, unabandika kwa nyuma fataki, kijikofia cha shaba kinachoiwasha baruti nyundo ikikipiga. Chumba kimoja huachwa kitupu ili nyundo ilale juu yake kwa amani.

Baruti hupimwa kwa chembe, kipimo kidogo cha uzito. Chumba cha bastola ya Hollis, ukikijaza hadi gololi ipate tu pa kukaa, kinameza chembe arobaini, na arobaini ndizo alizotia, kila chumba, kila Jumamosi, jua au mvua. Tukamwita Mzee Arobaini, naye akalipokea jina hilo kama cheo. Waswahili husema za mwizi ni arobaini. Za Hollis nazo zilikuwa arobaini, na tulijua kuna siku zitafika mwisho.

Siku hiyo ilikuja imevaa aproni. Verna Pruett alikuwa mpishi wa shule, mjane, mikono kama ya mwanamieleka na ulimi usiolala njaa. Mumewe alipofariki alimwachia bastola ya aina ileile, na Verna, badala ya kuiuza, alikuja nayo uwanjani. Wiki za mwanzo alitia arobaini kama alivyoona wanaume wakitia, akapiga nyasi. Akapunguza. Akapunguza tena. Alipofika chembe ishirini na kitu gololi zake zikaanza kuelewana, lakini kukawa na tatizo lingine. Baruti kidogo inaiacha gololi chini sana ndani ya chumba, nayo ikitoka inasafiri njia ndefu kabla ya kuupata mtutu, inaingia imelegea. Verna akafikiri kimpishi. Juu ya baruti akatia unga wa mahindi, ule wa manjano tunaookea mkate, akaujaza hadi gololi ikakaa karibu na mdomo wa chumba, mahali pake.

Uwanja mzima ulicheka, na Hollis alicheka kuliko wote.

"Dada Verna," alimwambia siku ya kwanza alipoliona kopo la unga mezani, "hapa unapiga shabaha au unapika?"

"Napika, Mzee. Wewe kaa, uji wako unakuja."

Uji ulifika Septemba ile, siku ya mashindano makubwa. Lazima niseme kidogo kuhusu siku hiyo. Anayeshinda kwa bastola hupata vitu viwili. Jina lake huchomwa kwa chuma cha moto kwenye ubao wa mwerezi ulio juu ya meko ya kibanda chetu. Halafu, watu wakishakula na jua likianza kuinama, yeye ndiye hupiga risasi ya kufunga: baruti tupu bila gololi, kuelekea ng'ambo ya kijito. Kabla haijalia, hakuna anayekunja kiti wala kubeba sufuria yake. Hollis alikuwa ameipiga risasi hiyo miaka mingi mfululizo, maana nasi tulimwiga arobaini zake, hadi watoto wakadhani ni kazi aliyoajiriwa. Ubao wa mwerezi ulikuwa umejaa jina lake kutoka juu hadi chini. Verna alimshinda, tena si kwa kubahatisha.

Alipokwenda kupiga risasi ya kufunga, bastola ilisema "pu." Mbwa mmoja alikuwa amelala hatua chache kutoka miguuni pake, na hakufungua hata jicho. Tulicheka tukashika mbavu. Hollis alicheka hadi akakohoa, kisha kicheko kikamkauka, maana alikumbuka kwamba hiyo "pu" ndiyo iliyomshinda. Akapanda nyuma ya pikapu yake.

"Nisikilizeni. Mwakani naichukua risasi ya kufunga, irudi kwa mwenyewe. Nikishindwa na uji mara ya pili, bastola hii naitundika ukutani na hamtaniona tena na baruti mkononi."

Opal alimvuta pindo la shati. "Shuka, mume wangu. Umesema mengi."

"Nimesema kweli."

"Ndiyo hayo mengi."

Maji yalikuwa yameshamwagika. Majira yote ya baridi wenzake walimuuliza kama ameshanunua msumari, na yeye alijibu kwamba msumari ununue wewe, utundike mdomo wako. Lakini usiku, kitandani, alikuwa akitazama dari. Nje ya Jumamosi za uwanjani Hollis alikuwa mstaafu asiyesikia vizuri, anayekunywa vidonge viwili asubuhi na kuuliza mara tatu umesema nini. Uwanjani alikuwa mtu. Bila bastola ile hakujua angekuwa nani, na hilo lilimtisha, ingawa asingemwambia yeyote.

Theluji ilipoyeyuka akaanza mazoezi, na arobaini zake zikamsaliti. Zilipiga huku na kule, moja juu, moja pembeni, moja Mungu ndiye ajuaye. Alilaumu miwani. Akalaumu fataki, akanunua za aina nyingine. Akalaumu gololi, akayeyusha risasi na kumimina mpya mwenyewe, akizikagua moja moja kwenye mwanga wa dirisha. Gololi zilikuwa safi. Zikiingia chumbani wenzo wa kushindilia ulizinyoa pete nyembamba ya risasi, kama inavyotakiwa, maana pete hiyo ndiyo dalili kwamba gololi imebana vizuri. Hakukuwa na mwingine wa kulaumiwa.

Basi asubuhi moja akafanya kitu ambacho maisha yake yote hakuwahi kukifanya, kwa sababu hakuwahi kukihitaji. Alibeba meza ndogo hadi nyuma ya zizi, akaweka mfuko wa mchanga wa kuegemezea mikono, akabandika karatasi za shabaha kwenye mlango mbovu, akaanza kujaribu mizigo, yaani vipimo mbalimbali vya baruti. Arobaini. Thelathini na tano. Thelathini. Kila mzigo na karatasi yake, na kila baada ya raundi alifuta masizi ya mtutu ili yasimdanganye. Opal alikuwa dirishani akiosha vyombo. Alisikia milio ikipungua, pole pole, akadhani mumewe anazidi kusogea mbali.

Kwa thelathini matundu yalianza kukaribiana. Kwa ishirini na tano yalikaribiana zaidi. Hollis alikaa akatazama karatasi ile kwa muda mrefu, akiwa na hasira nayo. Kisha akaingia jikoni kwa mlango wa nyuma.

"Unatafuta nini kabatini kwangu?" Opal akauliza.

"Chumvi."

"Chumvi iko mezani mbele ya pua yako."

"Hii nyingine."

Akatoka na kikombe amekifunika kwa kofia. Chembe ishirini na mbili, na unga juu yake hadi gololi ikakaa karibu na mdomo. Alifyatua mara tano. Kila alipovuta nyundo aliinua mtutu juu, kwa mazoea, ili kipande cha fataki iliyokwisha kisidondokee ndani ya mitambo. Hakukimbilia kuangalia. Aliifuta miwani, akaivaa, akatembea hadi mlangoni. Palikuwa na tundu moja tu, lenye kingo zilizochanika. Alitoa mfukoni sarafu ya nusu dola akaiweka juu ya tundu, na sarafu ikalifunika lote.

Mtu mwingine angefurahi. Hollis alihisi ametukanwa na bastola yake mwenyewe. Miaka yote ile alikuwa akimlazimisha mnyama abebe mzigo asiouweza, na mnyama alikuwa akimvumilia tu. Akakaa juu ya gogo na karatasi yenye tundu lile mkononi, na pamoja na uchungu wote ule akaona kitu kingine kikimpanda kifuani, nacho kilikuwa fahari. Hakuwahi kupiga hivyo. Hata alipokuwa kijana hakuwahi.

Angeweza kwenda uwanjani Jumamosi iliyofuata akaweka kopo la unga mezani, tukamcheka siku moja, yakaisha. Lakini maringo yana sheria zake. Hollis akatafuta kibuyu cha pili cha baruti, cha shaba, pacha wa kile cha kwanza. Kwenye cha kwanza aliufungua mdomo mrefu wa arobaini, akafunga mfupi wa ishirini na mbili, kwa kuwa mdomo wa kibuyu ndio kipimo. Ule mrefu akautia mfuko wa shati, hakujua kwa nini. Kibuyu cha pili akakijaza unga, baada ya kuuchekecha kwa chekecheo la Opal ili usizibe. Mtu akitazama ataona mzee na vibuyu vyake viwili vya baruti. Cha kulia baruti, cha kushoto unga.

"Unga wangu unakwenda wapi?" Opal aliuliza kufikia mwezi wa Julai. "Mkate sijaoka wiki mbili na mfuko umefika chini."

"Panya."

"Panya anayerudisha chekecheo likiwa limeoshwa. Huyo nitaolewa naye."

Hollis akasema hasikii vizuri, akatoka.

Septemba ikaja, na siku ya mashindano anga lilikuwa safi, mialoni imeanza kugeuka rangi. Hollis alichagua mwisho wa meza ndefu ya kushindilia, pembeni, mahali ambapo hakuna aliyewahi kumwona amesimama. Clovis Tate, msimamizi wa mstari, mtu mpole mwenye filimbi shingoni, alimtazama akashangaa. Verna alikuwa katikati na kopo lake la manjano wazi mbele yake, kama kawaida.

Mashindano yetu ni raundi mbili za risasi tano tano. Hollis alipofyatua ya kwanza mbwa waliinua vichwa, wakamtazama, wakalala tena.

"Mzee," Clovis akasema, "leo unanong'ona?"

"Baruti mpya. Haipendi kelele za ovyo."

"Inauzwa wapi hiyo?"

"Imeisha."

Watu wakatazamana. Lakini Clovis alipoinamia darubini yake kuangalia karatasi, aliacha mzaha. Raundi ya kwanza Hollis alikuwa sawa na Verna. Minong'ono ikapita mstarini. Verna hakunong'ona na mtu. Alitazama moshi wa Hollis, mdogo, mwepesi, akatazama vibuyu vyake viwili, na midomo ikamcheza kidogo.

Kabla ya raundi ya pili, Hollis akiwa anashindilia, Verna aliondoka mahali pake akaja taratibu hadi mwisho wa meza. Vyumba vinne vilikuwa vimeshajazwa. Hollis alipomwona akavua kofia haraka, akaiweka juu ya kibuyu cha kushoto, akaisogeza kulia, kibuyu kikasogea nayo.

"Unapiga vizuri, Mzee," Verna akasema.

"Mimi hupiga vizuri siku zote."

"Siku zote hukupiga hivi. Nimekuja kukupongeza tu. Endelea na kazi."

"Naendelea."

Na akaendelea, kidevu juu, macho yakimwangalia yeye usoni ili asidhani kuna kitu anachoficha. Akachukua kibuyu kilichokuwa kulia, akamimina. Akachukua cha kushoto, akamimina. Akaweka gololi, akashusha wenzo, pete nyembamba ya risasi ikadondoka mezani, kila kitu kikionekana kama kinavyotakiwa kuonekana. Akapaka mafuta. Verna akarudi mahali pake.

Verna alipiga kwanza, akamaliza vizuri. Kisha Hollis. Moja, mbili, tatu, nne, zote ndani ya ule mduara mweusi wa katikati. Clovis alikuwa na jicho darubinini na penseli mkononi, na sote tulijua kujumlisha. Hollis alihitaji risasi moja tu, tena hata ya pembeni ingetosha. Opal aliacha kufunua vyakula akasimama na mfuniko mkononi. Hollis akainua mtutu, akavuta nyundo, akashusha, akalenga, akabana.

Fataki ikasema "ta." Basi.

"Tulia," Clovis akasema. "Mtutu mbele. Usigeuke."

Hollis hakugeuka. Hivyo ndivyo tunavyofanya, maana baruti nyeusi wakati mwingine huchelewa kuamka, na anayegeuka huumiza mwenzake. Akasubiri. Clovis akamruhusu abandike fataki nyingine. Nayo ikasema "ta."

Wakaipeleka mezani. Hollis aligonga kabari inayoushikilia mtutu, akautoa, akavuta silinda. Clovis akafungua kichuchu cha nyuma cha chumba kile, pale fataki inapobandikwa, kwa ufunguo wake mdogo, akaingiza ufito mwembamba, akasukuma. Gololi ikatoka. Ikafuata baruti nyeusi. Kisha, kutoka chini kabisa ya chumba, mahali ambapo baruti ndiyo ilipaswa kuwa, ukamiminika unga wa manjano, ukatulia juu ya mbao kama kichuguu kidogo, na kila aliyekuwepo akauona.

Hakuna aliyecheka. Nadhani tungecheka kama angekuwa mtu mwingine.

Clovis alikuna shingo. Alikuwa amefanya kazi na Hollis kiwandani miaka mingi, na alimpenda. "Meza hii ina vitu vingi," akasema polepole. "Vibuyu vinafanana. Huenda umeokota cha mtu. Dada Verna alikuwa hapa, ameweka, ameondoa, nani ajuaye. Kama vitu vilichanganyika mezani, si kosa la mpigaji, na risasi inarudiwa. Niambie hivyo, Mzee, nami nitasema rudia."

Verna alikuwa amesimama mikono kifuani. Angeweza kusema kwamba hajawahi kuwa na kibuyu cha unga, kwamba kopo lake ni lile pale. Alimtazama Hollis tu.

Hollis aliuangalia unga. Risasi moja, hata ya pembeni. Risasi ya kufunga, jina mwerezini, bastola kiunoni hadi atakapokufa. Alichotakiwa ni kukubali kwa kichwa, hata mdomo hakuhitaji kuufungua.

"Ni wangu," akasema.

"Mzee..."

"Nimesema ni wangu, Clovis. Niliutia kibuyuni mimi, nyumbani kwangu, ili msiuone. Napiga ishirini na mbili na unga tangu majira ya machipuko. Arobaini hazipigi popote. Hazijawahi kupiga popote, ila kelele yake ndiyo nilikuwa naipenda." Akausukuma unga kwa kidole. "Dada Verna hajagusa kitu. Andika sifuri."

Clovis akaandika sifuri. Verna akamshinda kwa pointi nne.

Chakula kilipoanza Hollis hakuja mezani. Alikuwa nyuma ya pikapu yake, amekwisha kuisafisha bastola kwa maji ya moto na sabuni, ameikausha, na sasa anaivingirisha katika kitambaa. Opal alimpelekea sahani ya maharage na kipande cha mkate wa mahindi, akamwekea pembeni. Verna akaja nyuma yake na bastola yake mkononi, silinda tupu.

"Unafanya nini?" Verna akauliza.

"Natimiza neno langu. Nilisema nikishindwa na uji naitundika."

"Na umeshindwa na uji lini? Leo sote tumepiga uji, na wako ulikuwa mzuri kuliko wangu. Nimeona karatasi yako. Kilichokushinda ni kuuficha."

"Mwambie, mwenzangu," Opal akasema. "Mimi nimechoka. Mifuko mitatu ya unga, na nikiuliza naambiwa panya."

Hollis akaendelea kuvingirisha.

"Kiapo hicho mimi ndiye niliyeapiwa," Verna akaendelea, "nami nasema hakijakupata. Sasa acha kuivisha nguo hiyo bastola, unisaidie. Mwaka jana nilipiga 'pu' mbele ya watu na mbwa hakufungua jicho. Aibu ile siirudii. Nitilie arobaini."

"Zitakuvunja kifundo."

"Mikono hii inainua sufuria za shule nzima. Tia."

Hollis akaingiza mkono mfuko wa shati, na mdomo mrefu wa shaba ulikuwa pale, tangu machipuko. Akaufunga kwenye kibuyu cha baruti. Alimimina chembe arobaini katika chumba kimoja, akatikisa kidogo zitulie, kisha akasita. Risasi ya kufunga haina gololi, na kitu lazima kiishikilie baruti ndani. Miaka yote yeye alikuwa akitumia karatasi iliyofinyangwa, na kila mwaka vipande vilivyowaka vilidondoka majini.

"Leta kopo lako," akasema.

Verna akaleta. Hollis akatia unga juu ya baruti hadi mdomoni, mbele ya watu wote, akaushindilia kwa wenzo, akatia tena, akashindilia tena, akapaka mafuta. Akamkabidhi.

"Mikono miwili, Dada. Magoti yalegee kidogo. Usipigane nayo, iache ije."

Verna akasimama ukingoni mwa kijito, akabandika fataki, akainua mtutu juu ya ng'ambo, akafyatua. Mlio ule uliupiga ukingo wa mlima, ukarudi, ukaenda tena. Mbwa wote wa Kijito cha Sorrel walikuwa chini ya pikapu kabla haujarudi mara ya pili. Vikombe vililia mezani. Verna alirudi nyuma hatua moja, akasimama, nywele zimemwangukia usoni, akacheka kwa sauti ambayo hatukuwahi kuisikia kwake tangu azike mumewe. Moshi ulipotufikia ulikuwa na harufu ya mahindi ya kuchoma.

"Mzigo wa nani huo?" mtu akauliza kutoka mezani.

Hollis alikuwa na sahani mkononi sasa. Kidevu kilimpanda.

"Baruti yangu," akasema. "Unga wake."

Jumatatu alikaa kwenye meza ya jikoni na kile kibuyu cha pili, akachukua msumari ambao wenzake walikuwa wamemnunulia kweli, akachora kwenye shaba neno UNGA, herufi kubwa zilizopinda, kisha akazisugua hadi zikang'aa. Jumamosi akasimama katikati ya meza ndefu, karibu na kopo la manjano, akakiweka kibuyu mbele yake huku maandishi yakiwatazama watu. Opal alikuja nyuma yake akayasoma, akamuuliza unga huo ni wa nani, na safari hii Hollis alisikia bila kuulizwa mara ya pili.

"Wako," akamjibu.